Makaa ya mawe yetu, mnunuzi wa kudumu ni nani?

Mbukwenyi, Dodoma! Wazee shikamooni, vijana mambo vipi? Leo nawaongelea nikiwa Essen, Ujerumani. Hilo dude la chuma nyuma yangu ni mnara wa mgodi wa makaa ya mawe wa Zollverein. Uchimbaji ulikoma 1986, siku hizi watu wanakuja kupigia picha za harusi. Za harusi, nyie!

Nimekuja hapa makusudi. Binamu yangu wa Nkuhungu kanitumia ujumbe wa sauti, anataka kukopa benki avute lori la Howo aende Ruvuma kubeba makaa. Anasema mzigo upo, Wazungu wananunua. Hajadanganya, ila habari yake ni ya 2022.

Mwaka ule Urusi iliingia Ukraine, na ilipofika Agosti marufuku ya Ulaya kwa makaa ya Urusi ikaanza kazi. Bei ya makaa ya bandari ya Newcastle, Australia, ambayo wafanyabiashara wengi wanaiangalia, ikavuka dola 400 kwa tani. Kwa bei hiyo, hata kusomba mzigo kwa malori zaidi ya kilomita 600 hadi Mtwara kulilipa. Bandari tuliyoizoea kwa korosho ikajaa vumbi jeusi. Sasa njoo 2025: bei hiyo ya Newcastle ilikuwa imeshuka, inacheza kwenye dola 100. Piga hesabu mwenyewe. Dizeli imeshuka mara nne? Tairi je? Mwenzako wa Afrika Kusini anateremsha mzigo bandarini kwa treni ndefu, wewe dereva wako amelala Tunduru anasubiri fundi.

Halafu mnunuzi mwenyewe anaaga. Uingereza walizima kituo chao cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Hapa Ujerumani sheria ya 2020 inasema mwisho kabisa ni 2038. Mkopo unaotegemea soko la Ulaya mimi siusaini, na binamu nimemwambia hivyo hivyo.

Kwa hiyo tufukie mashimo? Hapana bwana. Ngaka, kule Mbinga, wanachimba tangu 2011, na kabla ya hayo ya vita walikuwa wanaviuzia viwanda vya saruji, vyetu na vya majirani zetu. Tanuru la saruji haliulizi nani anapigana na nani, linataka moto usiku na mchana. Mkiona majengo yanavyopanda Mtumba, jueni kila mfuko wa saruji umepita motoni, na kwenye viwanda vyetu kadhaa moto wenyewe ni makaa ya mawe. Binamu akipata mkataba wa kupeleka kiwandani, hapo tunaongea.

Mradi wa makaa wa Mchuchuma, kule Ludewa, sitaki kuurefusha. Mkataba na Wachina ulisainiwa 2011, mtambo wa megawati 600 ukaahidiwa, hakuna balbu iliyowaka. Na sasa Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo hoja ya umeme wa makaa imelegea. Iliyobaki na nguvu ni chuma cha Liganga, pale jirani.

Kinachotugusa sisi wa Dodoma ni mgodi wa makaa wa Kiwira. STAMICO, shirika la madini la taifa, wanachukua makaa ya kule wanatengeneza mkaa mbadala, ule wa Rafiki Briquettes. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa mpaka Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa, sasa shule ya bweni itapikia nini kama gesi ni ghali? Magunia ya mkaa tunayoyaona kandokando ya barabara ya Kondoa ni miti ile, na miti yenyewe huku kwetu imebaki mingapi? Mkaa huo mbadala mimi nauunga mkono, ila jiko likae uwani, usilifungie ndani usiku kisa baridi ya Julai. Moshi usipouona haina maana hewa ni salama.

Sasa jambo lililonileta kwenye huu mnara. Mgodi wa mwisho wa makaa magumu nchini humu, Prosper-Haniel, uko Bottrop hapo jirani, ulifungwa Desemba 2018. Rais Steinmeier akakabidhiwa donge la mwisho, wanaume wazima wakalia. Lakini pampu hazikuzimwa! Uchimbaji umeizamisha ardhi, hapa Essen kuna sehemu imeshuka kama mita 25. Wakizima pampu, mitaa inageuka ziwa. Wanavuta maji mpaka kiama. Sisi Dodoma tunayavuta visima vya Mzakwe tupate ya kunywa, wenzetu wanayavuta wakamwage mtoni!

Fedha yake inatoka kwenye mfuko, RAG-Stiftung, ulioanzishwa 2007, miaka 11 kabla ya kufunga. Ngaka ni mgodi wa wazi, maji yake si tatizo la namna hii, lakini shimo ni shimo. Wizara ya Madini iko hapo hapo mjini kwenu, Tume ya Madini pia. Mwenye ndugu anayefanya kazi huko amuulize: dhamana ya kurekebisha mazingira kwa migodi ya makaa imeshawekwa, na ni kiasi gani? Mkipata jibu nitumieni, nitalisoma kwenye video ijayo.