Gari la Kukodi Ugenini: Mkataba, Usukani na Mazoea

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa kuzungumzia kukodi gari na kuliendesha katika nchi ya kigeni, na nitaanza kwa kupinga kauli inayosikika sana, kwamba anayejua kuendesha ataendesha popote. Mimi sikubaliani nayo. Gari linaweza kuwa lile lile, lakini sheria zinabadilika, upande wa barabara unabadilika, hata mkono unaowasha indiketa unabadilika. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na kwenye usukani wa ugenini taabu hiyo huonekana wazi.

Niwapitishe haraka kwenye leseni. Kibali cha kimataifa cha udereva ni tafsiri ya leseni yako, na bila leseni yenyewe hakina nguvu. Hutolewa katika nchi iliyokupa leseni, wala si katika nchi unayokwenda, kwa hiyo ukishapanda ndege bila hicho umechelewa. Kisha viko vya aina zaidi ya moja. Kile cha Mkataba wa Geneva wa 1949 hudumu mwaka 1, na cha Mkataba wa Vienna wa 1968 kinaweza kufika miaka 3. Japani inakubali cha 1949 tu. Mtu anaweza kufika kaunta na kibali halali kabisa cha 1968, gari ameshalilipia, na bado akanyimwa ufunguo. China Bara haikitambui kibali cha aina yoyote, na mgeni huomba leseni ya muda huko huko. Ulizeni mapema.

Sasa tuje kaunta, ambako pesa nyingi hupotea. Fikirieni hali ya mtu anayefika pale: ametoka kwenye ndege ya usiku, foleni ndefu, watoto wamechoka, na mbele yake karatasi yenye maandishi madogo. Atasaini chochote ili aondoke. Ndiyo maana nasema mkataba usomwe nyumbani, siku mliyofanya malipo ya awali.

Tafuteni kwanza dhamana. Kampuni nyingi hushikilia kiasi fulani kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, si la mwenzi wake. Fedha hizo hazijakatwa, lakini kwa muda huo huwezi kuzitumia, na wengi wamejikuta wamekwama kwa sababu ndizo walizozitegemea kwa hoteli.

Pili, na hapa naomba mtulie nami, bima. Bima iliyomo kwenye bei kwa kawaida haikuondolei mzigo wote. Kuna kiwango unachobeba wewe mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Tuseme kiwango hicho ni euro 1,500. Ukikwaruza mlango na ukarabati ukagharimu euro 600, zote 600 ni zako. Ukiliharibu gari kwa euro 9,000, wewe utalipa 1,500. Mhudumu atakupa bima ya nyongeza ya kukifuta kiwango hicho, na bei ya kaunta huwa juu. Unaweza kununua kinga kama hiyo kwa kampuni nyingine ya bima kabla ya safari, mara nyingi kwa bei nafuu. Ila elewa kwamba hapo utailipa kwanza kampuni ya magari kutoka mfukoni, kisha udai urudishiwe. Zote mbili ni njia halali. Kisichofaa ni kuchagua ukiwa na usingizi.

Kuna pia orodha ya visivyolipiwa kabisa: mara nyingi tairi, rimu, vioo, sehemu ya chini ya gari, klachi, na injini iliyojazwa mafuta yasiyo yake. Iceland ina la kwake, upepo. Mgeni anasimama kutazama mandhari, anafungua mlango kidogo tu, upepo unauchukua na kuukunja kuelekea mbele hadi bawaba zinapinda. Bima ya kawaida aghalabu hailipi hilo. Wanaojua huegesha gari likitazama unakotoka upepo, na huushika mlango kwa mikono miwili kabla hata haujaachia. Kuvuka mito kwenye njia za nyanda za juu nako hakulipiwi: maji yakiingia kwenye injini, hasara ni yako.

Mkikabidhiwa gari, lizungukeni polepole mkipiga video. Chuchumaeni mtazame chini ya bampa na ukingo wa kila rimu, maana huko ndiko mikwaruzo hujificha. Kagueni kioo cha mbele kama kina alama ya kokoto. Pigeni picha ya geji ya mafuta na kilomita. Kama ni usiku, ombeni gari lisogezwe penye taa. Mkwaruzo ambao haumo kwenye fomu uandikwe kabla hamjatoka getini, hata mhudumu akisema ni mdogo. Akisema ni mdogo, basi hatachelewa kuuandika.

Sasa tuingie ndani. Kuna kanuni moja ninayoipenda kuliko zote: katika gari lililotengenezwa kwa ajili ya nchi hiyo, dereva hukaa upande wa katikati ya barabara. Ukiona wewe ndiye uliye karibu na ukingo, uko upande usio wako. Uingereza, Ireland, Japani, Australia, India na Afrika Kusini huendesha kushoto. Sehemu kubwa ya dunia iliyobaki, kulia. Mtu aliyehama upande hukosea upana wa gari na kulisogeza pembeni bila kujua, kwa sababu macho yake yanataka yaone kile yaliyozoea kuona. Vioo vya pembeni na tairi za upande wa abiria ndivyo vinavyoumia. Kaeni kwenye maegesho dakika kumi. Washeni indiketa, kwa sababu katika magari mengi ya Japani ziko kulia kwa usukani, na aliyezoea kushoto atawasha waipa akidhani anaonyesha anakata kona. Rekebisheni vioo. Rudini nyuma mara mbili tatu.

Watu huogopa mji wenye msongamano, lakini mjini mnafuata gari lililo mbele yenu, na hilo halikosei upande. Mimi naogopa asubuhi ya siku ya tatu, mnapotoka kituo cha mafuta kando ya barabara tupu. Hakuna gari la kufuata, woga umeisha, na mikono inarudi kwenye njia yake ya zamani. Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima asubuhi moja. Wengi walitazamia maafa. Badala yake ajali zilipungua mwanzoni, kwa kuwa kila mtu aliendesha kwa hadhari. Baada ya muda zikarudi kama kawaida. Kwa hiyo abiria wa mbele awe na kazi: katika kila kona na kila kipilefti ataje upande kwa sauti, hata siku ya kumi.

Sheria nazo zinatofautiana. Ufaransa, kwenye makutano yasiyo na alama, anayetoka kulia kwako ana haki ya kupita kwanza, hata akitokea kichochoroni. Marekani, sehemu nyingi zinaruhusu kukata kulia taa ikiwa nyekundu baada ya kusimama kabisa, lakini katika Jiji la New York hairuhusiwi ila pale kibao kinaporuhusu. Huko huko, basi la shule likisimama na taa zake nyekundu zikimweka, na wewe unasimama. Anayelipita anahatarisha watoto. Jamhuri ya Ireland hupima mwendo kwa kilomita tangu 2005, na Ireland Kaskazini kwa maili. Mpakani hakuna geti, namba tu kwenye vibao ndiyo inabadilika maana.

Katikati ya miji mingi ya Italia kuna maeneo yaliyofungwa kwa magari yasiyo na kibali, na anayelinda ni kamera. Kila upitapo ni faini, na kampuni ya magari hukutoza ada yake kwa kupeleka jina lako kwa mamlaka. Barua inaweza kufika miezi kadhaa baadaye. Uswisi na Austria zinadai stika au usajili wa kulipia barabara kuu, na gari lililokodiwa nchi jirani huenda halina. Tena kuvuka mpaka kwenyewe kunahitaji idhini katika mkataba.

Kuhusu mafuta, msitegemee rangi ya mkono wa pampu. Uingereza kijani ni petroli; Marekani kijani mara nyingi ni dizeli. Katika Umoja wa Ulaya tazameni alama: duara ni petroli, mraba ni dizeli, na alama ile ile iko kwenye kifuniko cha tangi la magari mapya. Mkikosea, msiwashe injini kabisa. Mafuta yakiwa bado tangini, fundi huyanyonya. Injini ikishawaka, gharama ni nyingine.

La mwisho ni kurudisha. Wengi huacha gari alfajiri, ofisi imefungwa, na kutumbukiza ufunguo kwenye sanduku. Katika mikataba mingi gari hilo bado ni dhima yenu hadi mfanyakazi atakapolikagua. Pigeni video nyingine pale pale, namba ya gari, geji ya mafuta na eneo lenyewe vionekane. Ihifadhini hadi dhamana irudi yote. Ikiwa ndege yenu inaruhusu, rudisheni saa za kazi, na msiondoke bila karatasi ya mapokezi.

Sasa nakaribisha maswali.