Mbona Kihispania, Si Kiswahili? Leo Nawajibu

Haya jamani, habari za nyumbani. Hapa Waltham, Marekani, ni saa mbili asubuhi, kwenu huko Uganda ni saa tisa alasiri. Nimetoka zamu ya usiku, hata viatu vya kazi sijavua. Nikilala kwanza sitarekodi, najijua. Na maoni yenu yamenikaa kifuani tangu juzi, kwa hiyo nawajibu sasa hivi.

Swali ni lile lile tangu niliposema kwamba nasomea ualimu wa Kihispania. Wengine wameuliza kwa upole, wengine kwa matusi. Kwamba Mganda mzima umekulia kwenye Kiswahili, Baraza la Mawaziri limepitisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi na likapendekeza kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, walimu hawatoshi, halafu wewe unavuka bahari kwenda kufundisha lugha ya Wazungu. Na wapo wa upande wa pili: mbona hukusomea unesi kama wenzako wa kyeyo, yaani waliokwenda ng'ambo kutafuta pesa, upate pesa haraka?

Nikisema njia hii ni ngumu, mtasema nalalamika huku nimekalia dola. Nikisema nimefika mwaka wa mwisho, mtasema naringa. Semeni tu. Ila nisikilizeni mpaka mwisho.

Nilifika hapa mwaka 2015 kwa bahati nasibu ya grini kadi, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi Marekani. Kazi ya kwanza ilikuwa nyumba ya wazee, msaidizi wa wauguzi, zamu ya usiku. Kuanzia baridi mpaka bei ya kodi ya nyumba, hayo mmeshayasikia kwa kila mtu, nayaruka. Kulikuwa na bibi mmoja wa Puerto Rico. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemnyang'anya Kiingereza chote, kikabaki Kihispania cha utotoni. Usiku alikuwa anasema "me duele, me duele", nami nadhani anamwita mtu. Namfunika blanketi, nampa maji, anazidi kulia. Nikamuuliza mwenzangu wa Guatemala, maana Waltham ina Waguatemala wengi kama ilivyo na Waganda wengi. Akaniambia, anasema inamuuma.

Nikasimama pale koridoni nikalichambua lile neno. Me ni "ni". Duele ni "uma". Inaniuma. Kiingereza hakisemi hivyo, kinakwenda kwa njia yake nyingine. Lakini yule bibi alikuwa anasema vile vile ambavyo mama yangu angesema. Nilirudi chumbani nikamuuliza kwa Kihispania changu cha dakika moja, wapi? Akanionyesha kiuno. Tangu usiku huo sikuiacha lugha hii.

Sasa mnaosema nimekitupa Kiswahili, nataka niwaonyeshe kitu. Darasani kwetu wanafunzi waliozaliwa na Kiingereza wanahangaika na mambo ambayo sisi tumenyonya nayo. Kuna kitenzi ser na kitenzi estar. Kwa Kiingereza vyote viwili ni neno moja, kwa hiyo wanakosea muhula mzima. Mimi nikasikia "es maestra", ni mwalimu. "Está en casa", yuko nyumbani. Ni na yuko! Nani kati yetu anachanganya ni na yuko? Sisemi vinalingana kila mahali, kwa sababu mgonjwa wao anachukua estar na wetu anachukua "ni", hapo nilikosea sana. Lakini mlango ulikuwa wazi.

Halafu kuna kile wanachokiita subjuntivo. Hicho ndicho kinachowatoa watu machozi. "Quiero que vengas." Nataka uje. Siyo nataka unakuja, nataka uje. Sisi tunabadilisha mwisho wa kitenzi, wao wanabadilisha mwisho wa kitenzi, na sababu ni ile ile: jambo bado halijatokea, ni matakwa ya mtu. Profesa alipofundisha hilo nilinyoosha mkono nikamwambia lugha yetu inafanya hivyo hivyo. Akaniomba niandike ubaoni. Nikaandika "nataka uje" kwa herufi kubwa. Mikono ilitetemeka.

Na el na la, jinsia ya maneno. Wenzangu wanauliza, kwa nini meza iwe ya kike? Mtu aliyelelewa na ngeli haulizi hivyo. Sisi tunasema vitabu vyangu vizuri, kila neno linafuata mkuu wake. Wao wanasema "mis libros buenos", kila neno linafuata mkuu wake. Nyakati zilizopita nazo: "comí", nilikula. "Comía", nilikuwa nakula. Hata maneno yenyewe yanatambuana, kwa sababu Waarabu walitawala sehemu za Hispania kuanzia mwaka 711 mpaka 1492, na Kiarabu hicho hicho kilifika pwani yetu. Fulano ni fulani. Azúcar ni sukari. Hasta ni ile hata ya wazee wetu: tangu asubuhi hata jioni. Niliposikia hiyo nilimpigia mama simu usiku wa manane wa kwake. Alidhani kuna msiba.

Kwa hiyo nikiambiwa nimekimbia Kiswahili, mimi najua nilikuja nacho mpaka darasani, nacho ndicho kilichonibeba. Na hilo neno "lugha ya Wazungu", Guinea ya Ikweta ni Waafrika wenzetu na Kihispania ni lugha yao rasmi. Wenzangu wa darasani wenye asili ya Jamhuri ya Dominika, baadhi yao ni weusi kuliko mimi.

Lakini acha niseme linaloniuma zaidi, kwa kuwa mmelichokoza wenyewe.

Baba yangu alikuwa askari. Tulikulia kambi ya jeshi ya Bombo, Uganda. Jirani wa kulia Mkakwa, wa kushoto Mteso, mbele yetu Mnyankole, na watoto wote tulicheza kwa Kiswahili kwa sababu hakukuwa na lugha nyingine ya kutuunganisha. Nikapelekwa shule ya nje ya kambi. Siku moja niliomba kalamu kwa Kiswahili. Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa akasema hiyo ni lugha ya kukamatia watu. Akanivalisha kibao shingoni mpaka jioni. Wenzangu wakaniita mtoto wa majambazi.

Nimekuwa mtu mzima nikaelewa. Watu wa pale waliikumbuka miaka ya 1970, enzi za Idi Amin, vizuizi vya barabarani, askari wanaamrisha kwa Kiswahili na mtu harudi nyumbani. Maumivu yao nayaheshimu. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa naomba kalamu. Baadhi yenu mnaoandika leo kwamba nimekisaliti Kiswahili tulikaa nanyi darasa moja, majina yenu nayaona. Mlicheka. Sijataja mtu na sitataja.

Haya, pesa na karatasi.

Nilianza chuo cha jamii, kile cha miaka miwili kabla ya chuo kikuu, mwaka 2019, muhula mmoja masomo mawili, muhula mwingine moja. Nilikuwa na diploma ya miaka miwili ya biashara kutoka Kampala, nikadhani itanipunguzia safari. Chuo kikasema transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zangu, itumwe moja kwa moja kutoka kule nilikosoma, kwenye bahasha iliyofungwa na mhuri, ipelekwe kwa kampuni ya kutathmini vyeti. Mdogo wangu alipanda boda kwenda pale mara nne. Mara mtu wa mhuri hayupo, mara kuna ada ambayo haijaandikwa popote, mara jina langu limekosewa herufi moja na lazima kiapo cha wakili. Bahasha ya kwanza ilifika imefunguliwa, ikakataliwa. Miezi saba. Mwishoni, katika miaka miwili yote, wakanikubalia krediti tisa, hivyo ndivyo vipimo vya masomo, wakati shahada hapa kwa kawaida ni 120. Nililia, sitaki kudanganya.

Kwa kuwa nina grini kadi niliruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya msaada wa serikali kuu. Msaada ulifunika sehemu, nyingine nikatoa mfukoni. Halafu mwaka 2023 jimbo la Massachusetts likaanzisha mpango wa MassReconnect: ukiwa na miaka 25 au zaidi na huna shahada, chuo cha jamii ni bure. Mwaka 2024 wakafungua hata kwa walio chini ya umri huo. Mimi nilikuwa nimeshalipa yote na kuhamia chuo kikuu cha jimbo mwaka 2022. Nawafurahia waliopata, kwa moyo wote. Lakini nikipiga hesabu ya zamu nilizolala kwenye basi kulipia yale masomo, moyo unakuwa mzito.

Kuna msaada mwingine unaitwa TEACH Grant, huu nauzungumzia kwa sauti kubwa kwa sababu unatega watu. Unatoa mpaka dola 4,000 kwa mwaka, ingawa kinachofika huwa kimepunguzwa kidogo. Lugha za kigeni zimo kwenye orodha ya masomo yenye uhaba wa walimu. Lakini unatia sahihi kwamba utafundisha miaka minne, ndani ya miaka minane baada ya kumaliza, kwenye shule ya watoto wa familia zenye kipato kidogo. Usipotimiza, ule msaada unageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku ya kwanza ulipopewa. Nilikaa na ile karatasi wiki mbili. Nikatia sahihi kwa sababu shule za namna hiyo ndizo ninazozitaka, watoto wale ndio wanaofanana na sisi wa kambini. Wewe usitie kwa sababu mimi nimetia.

Leseni ya ualimu ni ya jimbo. Ya Massachusetts siyo ya Texas. Hapa kuna mitihani inaitwa MTEL: mmoja wa kusoma na kuandika Kiingereza, mwingine wa Kihispania chenyewe, ambao unasikiliza, unasoma, unaandika, halafu unaongea kwenye mashine. Kila mtihani ni zaidi ya dola 100, ambayo kwenu ni zaidi ya shilingi laki tatu na nusu, na ukianguka unalipa tena. Wa Kiingereza nilipita mara ya kwanza. Wa Kihispania nilianguka kwenye kuongea. Kihispania changu kilikuwa cha nyumba ya wazee na cha rafiki zangu Waguatemala, wanaosema vos pale ambapo kitabu kinasema tú, yote ni "wewe", na mimi nilikuwa nachanganya katikati ya sentensi. Nikarudia baada ya miezi minne. Nimepita.

Sasa kilichobaki ni mazoezi ya kufundisha, saa 300 ndani ya shule, bila mshahara. Yanaanza wiki ijayo. Shule inaanza asubuhi na zamu yangu inaisha asubuhi, kwa hiyo nimeomba kazini wanihamishie wikendi tu. Pesa itapungua zaidi ya nusu mpaka Desemba. Hapa ndipo naomba familia yangu inielewe. Shangazi, kama unatazama, shikamoo. Ule ujumbe wa kwenye kundi la familia, kwamba nina pesa ya kujifunza Kihispania lakini sina ya matanga, niliusoma. Nilituma nilichokuwa nacho. Mwezi ule nilibaki na nauli ya basi.

Kuhusu unesi: nawaheshimu manesi, nafanya kazi chini yao kila usiku. Sina wito huo. Na kuhusu kwa nini si ualimu wa Kiswahili: shule za sekondari za huku nilipo zinatangaza nafasi za Kihispania mwaka hadi mwaka, za Kiswahili sijaona hata moja. Kiko vyuo vikuu, Harvard wanakifundisha, lakini mtu wa diploma ya biashara haingii Harvard kufundisha. Nimefuata mlango uliokuwa wazi. Nikirudi Uganda siku moja, anayejua kufundisha lugha anajua kufundisha lugha, na Kiswahili sitakuwa nimekisahau.

Yule kijana wa Arua aliyeniandikia kwamba amemaliza S.6, kidato cha sita, na anataka kuja kusomea kama mimi: mdogo wangu, mimi nina grini kadi. Ukija kwa viza ya mwanafunzi, ile FAFSA haikuhusu, TEACH Grant haikuhusu, na kazi wakati wa muhula ni ya ndani ya chuo, mwisho saa 20 kwa wiki. Siwezi kukuambia njoo na siwezi kukuambia usije, maisha yako siyajui. Ila kabla ya lolote, wiki hii, nenda shuleni ulikosoma, omba nakala tatu za matokeo kwenye bahasha zilizofungwa na mhuri, na uhakikishe jina lako limeandikwa sawasawa na la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Usizifungue. Zihifadhi kwa mama.

Mimi nalala kwa muda wa saa nne tu, saa nane mchana nina miadi ya alama za vidole, nazo ni za kulipia. Wanachukua kabla hujaruhusiwa kukaa na watoto wa shule. Asanteni, msalimieni Bombo.