Ukungu Unaoendesha Mitambo

Ndugu zangu, Mwingereza akisema picha ni fuzzy, ana maana haionekani sawasawa. Kumbukumbu ikiwa fuzzy, mwenyewe hakumbuki vizuri. Hata tunda lenye vinyweleo laini kwenye ganda huitwa hivyo. Lakini mhandisi ukimwambia mawazo yake ni fuzzy, umemtukana.

Ndiyo maana wengi walishtuka mwaka 1965, Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku, Azerbaijan, aliyefundisha chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, alipolifanya neno hilo jina la hisabati yake. Katika hisabati tuliyoizoea, kitu kimo kundini au hakimo. Tukikubaliana joto linaanzia nyuzi 30, basi nyuzi 29.9 si joto. Nani hapa anaishi hivyo? Zadeh alikubali kitu kiwemo kwa kiasi: tuseme nyuzi 35 ni joto kwa 1, nyuzi 28 kwa 0.6, nyuzi 20 kwa 0. Tafadhali, hiyo 0.6 msiichanganye na bahati. Kipimajoto tumeshakisoma, hakuna cha kubahatisha. Tunachopima ni kadiri neno "joto" linavyoifaa siku hiyo.

Sasa nafika kwa mtu ninayetaka sana mmjue. Ebrahim Mamdani alizaliwa mwaka 1942 katika nchi tunayoiita leo Tanzania, akasoma India, kisha London, chuo cha Queen Mary. Huko, yeye na mwanafunzi wake Sedrak Assilian walichukua injini ndogo ya mvuke ya maabara wakaitungia kanuni za maneno, kama fundi anavyomwelekeza msaidizi wake: presha ikiwa chini kidogo na bado inashuka, ongeza moto kiasi. Kwa hisabati ile ya Zadeh, kompyuta hupima kila kanuni inaifaa hali iliyopo kwa kadiri gani, huyachanganya majibu, kisha hutoa namba moja ya kurekebisha moto. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975. Injini ilitii.

Wakubwa wa fani waliendelea kubisha. Wajapani hawakungoja: mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za Sendai zilianza kuendeshwa kwa mantiki hiyo ya fuzzy, zikisimama bila kuwatikisa abiria. Mashine za kufulia na majiko ya umeme ya kupikia wali yakafuata.

Mamdani alifariki mwaka 2010. Njia yake inafundishwa hadi leo kwa jina lake. Walimu wa uhandisi mlioko hapa, mnapoifundisha, naomba mwaambie vijana mwenye jina hilo alizaliwa wapi.