Rangi ya Mafuta Kwenye Eabrashi: Kazi Inaanzia Chini ya Kopo

Ndugu zangu, tazameni kopo hili la Humbrol, rangi ya mafuta ya ndege za modeli za plastiki, lile dogo la ml 14. Tutaipuliza kwa eabrashi, kile kifaa kidogo cha kupulizia rangi kwa hewa. Nikilifungua, mnaona mafuta yameelea juu. Rangi yenyewe imelala chini, nzito kama asali iliyoganda. Kutikisa hakutoshi. Ingiza kijiti bapa, kwangua chini kabisa, koroga mpaka kijiti kitoke bila bonge. Rangi isiyong'aa ndiyo inayotaka uvumilivu zaidi: unga unaoua mng'ao nao huzama, kwa hiyo isipokorogwa vizuri ndege yako itatoka na mabaka yanayong'aa.

Usipunguzie uzito ndani ya kopo, tumia kikombe. Anza na rangi sehemu moja kwa tapentaini ya madini sehemu moja, kisha ongeza tone kwa tone. Inamisha kikombe: rangi ishuke ukutani kama maziwa, ikiacha utando mwembamba. Ikishikilia kama uji, bado. Ikiteleza kama maji, imezidi. Chuja kwa kipande cha soksi ya nailoni.

Tina ya magari, yaani kiyeyushi cha rangi za magari, inavutia kwa sababu hukausha upesi, lakini hula plastiki. Ukiipuliza mbichi juu ya plastiki tupu, mistari myembamba ya bawa inalainika na haitarudi. Mimi naiacha kwa kuoshea vyuma tu.

Kwa pua ya mm 0.3, weka kompresa kwenye psi 15 hadi 20 na simama sm 8 hadi 10. Uso ukitoka na vipele kama ganda la chungwa, rangi ni nzito. Ukiwa na chenga kavu, uko mbali au presha ni kubwa, rangi inakauka hewani. Ikitambaa kama miguu ya buibui, ni nyepesi mno au umekaribia mno.

Kama eabrashi ilitumika na akriliki, yaani rangi ya maji, ioshe kabisa kwanza. Mabaki yakikutana na tapentaini huganda na kuziba pua.

Halafu subirini. Tapentaini hupaa mapema, ila rangi hukomaa polepole kwa kuvuta oksijeni. Ipe angalau saa 24 kabla ya kubandika tepu. Vaa barakoa yenye kichujio cha kaboni, fungua madirisha, pasiwe na moto. Na matambara yaliyolowa yatandazeni nje, msiyakunje kuwa lundo: kule kuvuta oksijeni hutoa joto, na lundo linaweza kuwaka lenyewe.