Mlango Mmoja wa Mwalimu Calhoun

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyie vijana wa huko nyuma, sogeeni, viti vya mbele having'ati.

Nimeombwa nizungumzie ukocha wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Nyote mnamkumbuka Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009 pale timu za NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya Marekani, zilipogawana vijana wapya, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Leo nina maneno kuhusu mwalimu wake wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Jim Calhoun.

Calhoun alifiwa na baba akiwa na miaka 15. Akaacha chuo ili asaidie nyumbani: akachonga mawe ya makaburi, akashika vyuma chakavu, akachimba na makaburi yenyewe. Baadaye akarudi kusoma, akafundisha Northeastern, Boston, miaka 14. Connecticut walimchukua 1986. Msimu wa kwanza alishinda mechi 9, akafungwa 19. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Duke walimtoa robo fainali ya mashindano ya taifa ya vyuo kwa mtupo wa mwisho, 79 kwa 78, katika dakika za nyongeza. Mwaka 1999 akakutana nao tena, safari hii fainali, akawafunga 77 kwa 74. Ubingwa wa pili ukaja 2004.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Klabu ya kulipwa ikipungukiwa na mchezaji, inanunua. Enzi za Calhoun chuo kilikuwa hakiruhusiwi kumpa mchezaji hata nauli nje ya taratibu. Mwalimu alikuwa anazunguka nchi nzima, anakaa sebuleni kwa watu, anakunywa alichokaribishwa, anambembeleza mama amkabidhi mwanawe. Akimpata, akimnoa akawa moto, huyo anaondoka. Mwaka 2006 wachezaji watano wa Connecticut walichaguliwa NBA kwa mpigo. Wapenzi wa timu wakashangilia, mwalimu akabaki na watoto.

Kati ya watoto hao alikuwemo Thabeet, mita mbili na sentimita ishirini na ushei, kikapu bado kigeni kwake. Msimu huo timu ilishinda 17, ikafungwa 14, na mashindano ya taifa wakayatazama kwenye televisheni. Msimu uliofuata wakaingia, wakatolewa mechi ya kwanza. Wa tatu, 2009, wakafika nusu fainali Detroit, na Michigan State ndio waliowazuia. Mwalimu ni yule yule, sauti ile ile ya kufokea waamuzi. Kilichobadilika ni umri wa vijana wake.

Msimu huo huo mzuri, Februari 2009, uchumi wa Marekani umeanguka, mtu mmoja akamuuliza mbele ya waandishi: wewe ndiye mtumishi wa jimbo unayelipwa kuliko wote, dola milioni 1.6, je, hutarudisha chochote? Calhoun akawaka. Hata senti haitarudi, alisema, na akakumbusha kwamba timu yake inaingizia chuo mamilioni. Mkuu wa jimbo hakufurahi. Mimi nadhani hesabu yake ilikuwa sawa, ulimi ndio ulioteleza. Mtu aliyewahi kuchimba makaburi ili ndugu zake wale, ukimuuliza hadharani juu ya mshahara wake, usitegemee akujibu kwa upole. Naona mnacheka, nyie wa posho ya nauli mnaelewa.

Halafu yakaja ya usajili. Kijana mmoja waliyekuwa wanamtaka alipewa misaada na mtu aliyewahi kuwa karibu na timu, na simu na ujumbe zikapigwa kupita kiwango. Kijana mwenyewe hakuichezea Connecticut hata mechi moja. Februari 2011 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikamfungia Calhoun mechi tatu za ligi za msimu uliofuata. Na Aprili ile ile ya 2011 akachukua ubingwa wa tatu! Timu ilimaliza ya tisa kwenye ligi yake, kisha Kemba Walker akaibeba ikashinda mechi tano za mtoano wa ligi hiyo ndani ya siku tano, na nyingine sita za mashindano ya taifa hadi kombe. Fainali, Chuo Kikuu cha Butler walifungwa 53 kwa 41. Mwalimu alikuwa na miaka 68. Adhabu na kombe vilipita mlango mmoja, ule wa kuingizia vijana.

Mwaka 2012 mlango ukamgonga tena: alama za wachezaji darasani zilikuwa mbaya, timu ikafungiwa mashindano ya 2013. Mwili nao ulikuwa umechoka. Saratani mara tatu, mgongo, kisha akaanguka na baiskeli akavunjika nyonga. Septemba akastaafu. Kiti alikalia Kevin Ollie, mchezaji wake wa zamani, aliyetwaa ubingwa 2014.

Mwaka 2018 Chuo cha Saint Joseph, hapo hapo Connecticut, kilichokuwa cha wanawake tangu 1932, kilianza kupokea wavulana. Daraja la tatu, ambako hakuna ufadhili wa michezo. Calhoun, ana miaka 76 na makombe matatu kabatini, akaenda kuanzisha timu kutoka sifuri. Msimu wa pili akaifikisha mashindano ya taifa ya daraja lake. Aliachia 2021, na waamuzi alikuwa bado anawafokea.

Haya, maswali. Wewe bwana wa kofia, mkono wako uko juu tangu nilipotaja ule mshahara.