Msiniulize Pattle Aliangusha Ndege Ngapi

Ndugu zangu, mlionisikia mwaka jana mnajua naanzia wapi, mnivumilie. Naanzia kwenye homa.

Tarehe 20 Aprili 1941, siku ya Pasaka ya Waorthodoksi, katika Vita ya Pili ya Dunia, rubani wa kivita Marmaduke Pattle aliamka kwenye uwanja wa ndege wa Eleusis, nje kidogo ya Athens, mwili unachemka. Kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Butterworth, Afrika Kusini. Jeshi la anga la kwao lilikuwa limemkataa, akavuka bahari kujiunga na la Waingereza. Sasa ndiye kiongozi wa Skwadroni ya 33, na ndege zao za kivita, Hurricane, zilizobaki Ugiriki nzima ni 15 tu. Kwa homa ile mama yako angekufunika blanketi, angekukataza hata kwenda dukani. Yeye aliruka, akarudi, akaruka tena, na jioni akapanda mara ya tatu. Inasimuliwa kwamba juu ya ghuba alimwona mwenzake anafukuzwa na Messerschmitt, ndege ya kivita ya Wajerumani, akashuka kumwokoa, nyingine zikamjia kwa nyuma. Akatumbukia baharini na ndege yake. Kaburi hana mpaka leo. Jina lake limechongwa El Alamein, Misri, pamoja na wenzake wasio na kaburi.

Sasa kila nikimtaja, mkono unainuka: "Mwalimu, aliangusha ndege ngapi?" Arobaini! Hamsini! Jamani. Daftari za skwadroni zilipotea Waingereza walipokuwa wanakimbia Ugiriki, na watu wamebishana miaka zaidi ya 80 kama Simba na Yanga wanahesabiana makombe. Humo ndani ya kila ndege aliyoitungua mlikuwa na mtoto wa mtu, wa Italia au wa Ujerumani. Ya homa hakuna anayeniuliza.

Najua wengine mnanong'ona: Mzungu huyo, sisi yanatuhusu nini? Mnanong'ona mkiwa Dar es Salaam, mji alioondoka Roald Dahl mwaka 1939, akaacha kazi ya kampuni ya mafuta, akajifunza urubani Nairobi. Siku ile ya homa naye alikuwa angani juu ya Athens. Yeye alipona, akawa mwandishi.

Tena wengi wenu mmepita Kariakoo kuja hapa. Jina hilo ni la wapagazi wa vita ya kwanza, nao hatuwaulizi waliua wangapi, tunakadiria tu walikufa wangapi. Nendeni Sanamu ya Askari, ile ya 1927, singe imeelekea bandarini. Zungukeni chini yake mtafute jina la mpagazi mmoja tu, mje mnitajie.

Nilitaka kufika Burma, kwa vijana wetu wa 1944 wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, nina kurasa nne hapa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya pili. Haya, Burma tutaongea nje kwenye chai. Maswali yaanze. Wewe mwenye arobaini au hamsini, shusha mkono, nimekuona.