Swali la Kwanza la Mwalimu wa Vedanta

Mabibi na mabwana, mtu akimwendea mwalimu wa Vedanta, falsafa ya Kihindu inayouliza mtu ni nani hasa, ili ajijue, swali la kwanza huulizwa yeye: wewe ni nani?

Shankara, mwalimu wa India wa karne ya 8 hivi, ametuachia mazungumzo ya namna hiyo kwa maandishi. Mwanafunzi anajibu: mimi ni mtoto wa Brahmini, yaani wa tabaka la makuhani, wa ukoo fulani, nimeiacha nyumba, nataka kuvuka bahari ya kuzaliwa na kufa. Mwalimu anamrudia: mwili wako ukifa utaliwa na ndege au utageuka udongo papa hapa, sasa utavukaje? Kijana anajitetea: mimi si mwili, mwilini nimo kama ndege kiotani. Vyema, anasema mwalimu. Mbona basi nilipokuuliza wewe ni nani ulinitajia ukoo, na ukoo ni wa mwili?

Tazameni kilichofanyika hapo. Mwalimu hajafundisha jambo jipya hata moja. Amechukua kauli mbili za mwanafunzi mwenyewe akazigonganisha. Ndiyo maana anayekuja na jibu alilokariri, "mimi ni atma, sina mwanzo wala mwisho", hujinyima faida. Jibu la kuazima halina cha kugonganishwa nacho. Sema unachoamini kweli unapoumwa na jino.

Kuhusu neno "atma": wengi hulifasiri kuwa nafsi. Nafsi kwetu hutamani, huchukia, hutulia. Katika Vedanta hayo yote ni mambo ya akili, nayo hujulikana. Atma ndiye anayeyajua. Kwa hiyo naona heri tulibakize neno lenyewe.

Mwalimu gani? Upanishadi ya Mundaka, mojawapo ya maandiko ya kale ambayo Vedanta husimama juu yake, inataka sifa mbili. Awe shrotriya, yaani maandiko ameyasoma kwa mwalimu wake. Na awe brahmanishtha, aliyetua katika kile anachokifundisha. Mwenye sifa ya pili peke yake anaweza kuwa mtu mtulivu sana, lakini hana njia ya kukufikisha. Muulize kwa adabu alisoma kwa nani, na andiko gani alilisoma tangu mwanzo hadi mwisho. Si utovu wa heshima. Andiko hilo hilo linasema mwanafunzi aende na kuni mkononi, kuni za moto wa ibada, ishara kwamba yuko tayari kutumika. Katika Upanishadi ya Prashna wanafunzi 6 walimwendea mwalimu Pippalada na kuni zao, naye akawaambia wakae kwanza mwaka mzima katika kujinyima na imani, ndipo waulize. Na kama jibu analijua, atawaambia. Mwaka huo una kazi yake: akili inayorukaruka haiwezi kushika hoja yenye hatua nne.

Sasa swali lenyewe liulizweje? Mwanafunzi mwingine wa Shankara anauliza: mateso haya ninayoyapata niwapo macho na nikiwa ndotoni, ni asili yangu, au yamenijia kwa sababu fulani? Hilo ni swali safi, maana lina njia mbili tu, na kila njia ina matokeo yake. Maji ya sufuriani yana moto, lakini ukiyaepua yanapoa, kwa kuwa joto si lao. Moto wenyewe huwezi kuupoza ukabaki moto. Kama mateso ni asili yangu, hakuna tiba. Mwalimu anajibu kwamba si asili, yana sababu, na sababu ni kutojua. Mazungumzo yana pa kwenda.

Kosa linaloharibu kazi zaidi huja hatua moja mbele. Mwalimu anauliza: hasira yako unaijua? Naijua. Ikiondoka, unajua imeondoka? Najua. Basi wewe si hasira. Mwanafunzi anakubali, kisha anafumba macho amtafute huyo anayejua, akingoja mwanga au hali ya ajabu. Lakini chochote atakachokiona kitakuwa tena kitu kinachojulikana. Jicho halijioni, wala hakuna anayehitaji kuthibitishiwa kwamba analo: kuona kwenyewe kunatosha. Hapa turudi nyuma hatua moja, tusiongeze bidii ya kutafuta.

Lingine ni kukubali kwa heshima tu. Katika Upanishadi nyingine, Uddalaka alimfundisha mwanawe Shvetaketu, aliyerudi masomoni akiwa na miaka 24 na kiburi tele. Alimwekesha chumvi majini usiku, asubuhi akamwonjesha juu, katikati na chini: chumvi haionekani, lakini imo kote. Akamwambia: wewe ndiwe Hilo, yaani kile kisichoonekana kilichomo katika vyote. Kauli hiyo aliirudia mara 9, kwa mifano tofauti, kwa sababu mtoto alizidi kumwomba: nifundishe tena. Shaka mpya ilitaka mfano mpya. Angeitikia tu mara ya kwanza, tusingekuwa na chumvi.

Kusikiliza huko huitwa shravana. Kupambana na shaka ni manana. Kukaa na kilichoeleweka mpaka mazoea ya zamani yaishe nguvu ni nididhyasana. Manana ndiyo wengi huiruka.

Indra hakuiruka. Yeye, mfalme wa miungu, na Virochana, mkuu wa asura walio maadui wa miungu, walikaa kwa Prajapati, mungu muumba, miaka 32, wakaambiwa watazame sura zao katika bakuli la maji. Virochana akaridhika kwamba mwili ndio atma, akaenda zake kuwahubiria wenzake. Indra njiani akawaza: mwili ukipofuka, atma naye kapofuka? Akageuza njia, kuni mkononi. Miaka mingine 32, akafundishwa kuhusu yule wa ndotoni. Akaona hata huyo hulia na kukimbizwa. Mingine 32, kuhusu usingizi mzito. Akapinga kwamba humo mtu hajijui hata kuwa yupo. Kila aliporudi Prajapati hakumkemea. Alimwuliza: uliondoka umeridhika, sasa umerudi unataka nini? Mara ya mwisho alimwongezea miaka 5.